Bikira ndani ya hodhi la kuogea: sanamu iliyokuja na nyumba

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Sisi ni Wakongo, tulikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuletwa Utica, New York. Mwaka jana tulinunua nyumba ya familia moja ya Kiitalia huku East Utica, baada ya bibi yao kufariki. Mbele ya nyumba kuna sanamu ya Bikira Maria imesimama ndani ya hodhi la kuogea lililozikwa nusu ardhini. Mimi nilibatizwa Katoliki. Mume wangu ni mlokole, naye anasema ataivunja kwa nyundo kabla theluji haijaanza. Lakini yuko mama mzee wa ng'ambo ya barabara, kila Jumamosi anakuja kuweka maua bila hata kupiga hodi. Sanamu hii kwao ni nini hasa? Tukiiondoa, tutakuwa tumewakosea?"

Jibu:

Marahaba, mama, na hongereni kwa nyumba. Nianze na lile linalokukosesha usingizi. Kisheria sanamu ni yenu. Kitu kilichosimikwa kwenye ardhi kwa saruji huuzwa pamoja na nyumba, isipokuwa wauzaji wamekitoa kwa maandishi katika mkataba, na hakuna ofisi ya serikali itakayokuja kuwaambia mweke au mwondoe sanamu ya dini kwenye kiwanja chenu wenyewe. Kwa hiyo hakuna anayewakimbiza. Ninachomwomba baba watoto ni kimoja tu: nyundo ikae stoo mpaka muwe mmezungumza na yule mama wa maua. Nimetembea mitaa ya Waitalia wa Marekani na daftari mkononi kwa zaidi ya miaka 15, kuanzia Brooklyn hadi miji midogo ya kaskazini kama huo wenu, na sijaona sanamu hata moja iliyowekwa kwa ajili ya kupendezesha tu.

Kwanza toka nje ukaitazame vizuri. Chuchumaa uangalie miguuni. Kama mikono imeshushwa na viganja vimefunguka kuelekea chini, kama mtu anayesema "njooni", basi nina hakika chini ya unyayo utamkuta nyoka, pengine rangi yake ya kijani imebanduka, pengine ana tufaha mdomoni. Umbo hilo limetoka Paris, mwaka 1830, kwa mtawa Catherine Labouré, ambaye maono yake yalizaa ile medali ndogo Wakatoliki wengi huvaa shingoni. Ukikuta mikono imekutanishwa kifuani, huyo ni Bikira wa Lurdi, ule mji wa Ufaransa. Akiwa amempakata mtoto na ameshika kitambaa cha kahawia, ni Mama wa Karmeli, kipenzi cha Wanapoli.

Nimekutajia nyoka kwa sababu najua macho ya mlokole yataanzia hapo. Huyo nyoka haabudiwi, anakanyagwa. Ni Mwanzo 3:15. Mume wako atafungua Biblia ya Kiswahili akwambie kwamba hapo ni uzao wa mwanamke unaomponda nyoka kichwa, wala si mwanamke mwenyewe. Mwache aseme, maana andiko lake linasema hivyo. Tafsiri ya Kilatini iliyotumiwa na Wakatoliki kwa karne nyingi ndiyo iliyosoma "huyo mwanamke", na wachongaji wakaifuata. Hapo mnaweza kukaa jioni nzima mkiongea bila kugombana.

Sasa Waitalia wenyewe. Kati ya 1880 na 1924 waliingia Marekani zaidi ya milioni 4, na wengi wao walikuwa wakulima na vibarua wa kusini: Sicilia, Calabria, Puglia, Basilicata, nchi ya Napoli. Huko kwao Mungu hakukaa kanisani peke yake. Kwenye pembe za vichochoro, juu ya visima, ukutani mwa nyumba, kulikuwa na vijumba vidogo vya watakatifu, kila kimoja na taa yake. Wanaviita edicole. Napoli ya karne ya 18 ilikuwa na giza la kutisha usiku; aliyeifanya ipate mwanga ni padri mmoja Mdominiko aliyewahimiza watu wa kila mtaa wawashe taa mbele ya sanamu zao, na wezi waliokuwa wakikata kamba za taa za serikali hawakuthubutu kugusa taa za Bikira. Mtu aliyekulia hapo akipata kibanda chake ugenini, jambo la kwanza ni kumtafutia mtakatifu mahali pa kukaa.

Tatizo ni kwamba walipofika Marekani hata kanisa Katoliki halikuwataka sana. Maaskofu na mapadri wengi walikuwa Waairishi, na hao waliona maandamano, mishumaa mikubwa na kubusu sanamu kuwa ushirikina wa washamba. Kule Harlem, New York, kwenye mtaa wa 115, kanisa la Mama Yetu wa Mlima Karmeli lilijengwa mwaka 1884 kwa jasho la Waitalia wenyewe, lakini wao walisalishwa katika chumba cha chini. Bikira wao alikaa huko chini pamoja nao kwa miaka mingi. Nje ya kanisa hali ilikuwa mbaya zaidi: mwaka 1891 umati wa watu New Orleans uliwaua Waitalia 11 kwa siku moja. Watu waliotukanwa hivyo walihitaji mahali ambapo hawaombi ruhusa ya padri wala ya mtu mwingine. Barabara ilikuwa mahali pa namna hiyo, siku ya sikukuu. Uwanja wa nyumba ulikuja baadaye.

Nasema baadaye kwa sababu ua unataka kumiliki nyumba, na wao walianza kama wapangaji, familia tatu ghorofa moja. Sanamu ilikaa chumbani, juu ya kabati la nguo, na kitaa cha mafuta. Wengi walianza kununua nyumba baada ya Vita Kuu ya Pili, walipokwisha kukusanya mshahara wa viwanda vya nguo, wa bandarini na wa ujenzi. Ndipo Bikira akatoka nje. Ukimwona amesimama mbele ya nyumba, usisome dini peke yake. Hiyo pia ni hati ya kiwanja. Wewe uliyekaa kambini miaka hiyo yote unajua siku mtu anaposhika funguo za nyumba ambayo hakuna wa kumfukuza anajisikiaje. Yule bibi aliyefariki, au mume wake, aliisikia siku hiyo hiyo, kwenye mlango huo huo.

Na hodhi? Nyumba za zamani zilikuwa na mahodhi mazito ya chuma cha kusubu, yenye miguu minne. Watu walipokarabati bafu wakaweka ya kisasa, lile kuukuu halikutupwa, kwa sababu mikono iliyozoea uhaba haitupi chuma. Walichimba shimo, wakalisimamisha kwa kichwa chake, wakafukia nusu, na ile nusu iliyobaki juu ikawa pango. Ndani wakapaka rangi ya samawati kama mbingu, nje wakapanga mawe au kokoto kwa saruji. Ukigonga ubavuni utasikia chuma. Wakatoliki wa Afrika Mashariki wana groto, yaani mapango ya Bikira yaliyojengwa kwa mawe, kwenye viwanja vya parokia. Hili ni groto la mtu aliyekuwa na hodhi moja na jioni za Jumamosi.

Mara nyingi nyuma ya kazi hiyo kuna nadhiri. Mwana yuko vitani, mama anaahidi: akirudi mzima nitakujengea. Mtoto ana homa, baba anaahidi. Huko Rosebank, Staten Island, New York, mtu aitwaye Vito Russo alimpoteza mwanawe mdogo, na mwaka 1937 yeye na wenzake wa chama chao cha kusaidiana wakaanza kujenga groto la Mama wa Karmeli kwa mawe ya kuokota, kombe za baharini na vipande vya kioo. Lilikua mpaka likawa kama mlima mdogo, na mwaka 2000 serikali ikaliandika kwenye orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria. Ukipita kiganja ukutani, kombe zinakwaruza ngozi. Hakuna mchoro wa msanifu pale; kuna majonzi ya mzazi na ufundi wa waashi.

Nilimwona mzee mmoja Brooklyn, wiki moja kabla ya Mei, mwezi wa Maria, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele ya Bikira wake wa zege. Alikuwa na kopo la rangi ya buluu, ile ile aliyopakia mbao za madirisha, na brashi ndogo ya watoto wa shule. Alipaka vazi taratibu, akakwepa uso. Nikamuuliza mbona uso hapaki. Akasema uso aliupaka mke wake mara ya mwisho mwaka aliofariki, na yeye hataki kuufunika. Ndiyo maana uso ulikuwa umefifia na vazi linang'aa. Mpita njia angedhani ni uzembe. Tangu siku ile sihukumu rangi ya sanamu yoyote.

Lugha ya wazee hao ilikufa mapema. Mwaka 1942 Waitalia wapatao laki 6 ambao hawakuwa na uraia waliandikishwa kuwa wageni wa nchi adui, na watu waliambiwa wasiongee Kiitalia hadharani. Wazazi wakaacha kuwafundisha watoto. Leo wajukuu hawasemi Kiitalia, wengi hawaendi misa, lakini waulize kuhusu "Mary wa bibi" uone nyuso zao. Chakula kilibaki, sanamu ikabaki. Utambulisho wa jamii nzima umejibana ndani ya kitu cha zege chenye urefu wa mtoto wa shule ya msingi. Ndiyo sababu kukigusa kunauma kuliko mgeni anavyotegemea.

Lazima nikwambie na upande mwingine, kwa sababu wewe ni Mwafrika na una watoto wanaopita mitaa hiyo. Mambo yale yale yanayosema "hapa ni kwetu" yanaweza kusema "hapa si kwenu". Agosti 1989, huko Bensonhurst, Brooklyn, mtaa wa Waitalia uliojaa sanamu za Bikira na za Mtakatifu Antoni mbele ya nyumba, kijana Mweusi wa miaka 16, Yusuf Hawkins, alikwenda na wenzake kuangalia gari lililotangazwa kuuzwa. Kundi la vijana weupe likawazingira, akapigwa risasi akafa. Watu walipoandamana kudai haki, baadhi ya wakazi waliwazomea wakiinua matikiti juu, dhihaka ya zamani ya kibaguzi dhidi ya Weusi. Sanamu zilikuwepo, hazikuzuia kitu. Sipendi watu wanaoandika juu ya mitaa hii kwa machozi matamu tu wakaruka hilo. Leo Bensonhurst hiyo hiyo ina Wachina wengi sana, na Bikira wengine wamesimama mbele ya nyumba ambazo maandishi mekundu ya Mwaka Mpya yamebandikwa mlangoni.

Mji wenu ulifika huko kwa njia nyingine. Utica ilikuwa na watu 100,410 mwaka 1960. Viwanda vya nguo vilikuwa vimeanza kufungwa, baadaye vya vifaa vya umeme vikaondoka, na kufikia mwaka 2000 walibaki 60,651. Watoto wa Waitalia walihamia vitongoji vya nje au majimbo mengine. Nyumba zikabaki na wazee, kisha zikabaki tupu. Waliokuja kuwasha taa tena ni wakimbizi: Wabosnia miaka ya 1990, kisha Wakareni kutoka Burma, Wabantu wa Somalia waliopitia makambi ya Kenya (wengine bado wanazungumza Kizigua, lugha ya babu zao waliochukuliwa utumwa kutoka pwani ya Tanganyika), na nyinyi Wakongo. Mwaka 2020 hesabu ilipanda hadi 65,283. Hata jina la kanisa lililo karibu nanyi, Mtakatifu Antoni na Mtakatifu Agnes, linaeleza hadithi: parokia mbili zimelazimika kuwa moja. Bado kila mwisho wa Septemba waumini hubeba barabarani sanamu za Kosma na Damiano, watakatifu ndugu wawili waliokuwa matabibu, na watu husafiri kutoka mbali kuja. Nendeni siku moja hata kwa kutazama, mchukue na watoto.

Sanamu ziliachwaje? Familia nyingine huchukua ya kwao wakati wa kuhama. Nyingine haiwezi, kwa uzito, au kwa sababu mjukuu anaishi kwenye fleti ghorofa ya saba. Wengi huniambia kwamba kitu kilichobarikiwa hakiuzwi, kwa hiyo walikiacha kwa mwenye nyumba mpya wakitumaini mema. Kwa hiyo nahisi, japo sijawaona, kwamba wale waliowauzia nyumba hawakusahau. Walikuachieni.

Na wanaorithi hufanya mengi. Harlem ndiyo mfano ninaoupenda. Waitalia wa mtaa wa 115 karibu wote wameondoka, lakini kila Julai 16 kanisa hujaa Wahaiti, wanaokuja kwa Bikira yule yule wa Mlima Karmeli wakiimba kwa Kikreoli, na Waitalia waliohamia mbali hurudi siku hiyo wakatembea nao. Hakuna aliyempokonya mwenzake kitu. Rosebank nako huja wahamiaji wa mataifa mengi kuwasha mishumaa. Nimeona pia nyumba ya Waislamu ambapo Bikira alibaki mahali pake miaka mingi, hasujudiwi wala hatolewi. Mama mwenye nyumba aliniambia Maryam ana sura yake ndani ya Qurani na yeye hawezi kumweka jalalani.

Turudi kwa baba watoto. Sikusudii kumbadilisha imani, na wewe usijaribu kwa kutumia jina langu. Kanisa lako la ubatizo linafundisha, tangu Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa pili wa Nikea mwaka 787, kwamba heshima kwa picha humwendea aliyechorwa, na kwamba kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Yeye haridhiki na mafundisho hayo, ni haki yake, nyumba ni yake pia. Asichokuwa na haki nacho, kwa maoni yangu, ni kuivunja mchana kweupe mbele ya macho ya mama mzee ambaye pengine alikuwepo siku inasimikwa. Amri ya kutojitengenezea sanamu haikuamuru kumliza jirani.

Mkiamua iondoke, ipo njia ya heshima. Pigieni simu familia iliyouza. Mwanasheria aliyesimamia mauzo ana namba yao. Mkikosa, ongeeni na parokia. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1171, inataka vitu vilivyobarikiwa vitendewe kwa heshima hata vikiwa mali ya mtu binafsi, na padri atawasaidia kumpata anayeihitaji. Ikiwa imepasuka isiyotengenezeka, desturi ya Wakatoliki ni kuizika ardhini. Wengi hawajui hilo, wanaona haya wakaitupa usiku. Msijaribu kung'oa hodhi wawili tu. Chuma hicho huzidi kilo 100 na saruji juu yake.

Jambo la watoto, na hili ni la haraka kuliko yote: rangi za nyumba za Marekani kabla ya 1978 mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, na hodhi kama hilo lina matabaka ya miaka hamsini. Msilisugue kwa msasa, msikwangue rangi kavu, watoto wasichezee magamba yanayodondoka, na ardhi ya hapo usipande mchicha kabla udongo haujapimwa. Hata nyundo ya mume wako ingerusha vumbi hilo. Mwambie na hilo, pengine ataelewa haraka kuliko Nikea.

Mkiamua ibaki, ibaki kwa masharti yenu. Si lazima useme rozari mbele yake. Unaweza kupanda maua pembeni, kukubali yule mama aendelee kuja, na mume wako akapita bila kuigeukia. Nimeona nyumba zinazoishi hivyo. Ninachokataa ni kuigeuza kituko, kuivisha kofia au miwani ya jua ili wapita njia wapige picha, kama wanavyofanya wapangaji wapya wa Brooklyn wenye fedha. Afadhali iondoke.

Kuhusu mama wa Jumamosi kuingia bila hodi: kwake ule si uwanja wenu bado, ni mbele ya nyumba ya rafiki yake. Hajui namna ya kuuacha, na pengine anaogopa kukuuliza kama vile wewe unavyoogopa kumuuliza. Jumamosi ijayo usimtazame kupitia pazia. Toka na viti viwili, na chai ya tangawizi uliyoizoea Nyarugusu. Kiingereza chako kikiwa kidogo, chake nacho kinaweza kuwa na lafudhi nzito kuliko chako. Onyesha sanamu kwa kidole, umuulize nani aliiweka na ilikuwa mwaka gani. Mume wako awepo, hata akisimama mlangoni. Uamuzi mfanye jioni, baada ya yeye kurudi kwake.